Jioni Tatu za Kilimia

Shosho, mama yake baba, hakuwahi kupanda mahindi kwa kalenda. Alipanda kwa Kilimia, lile fungu dogo la nyota ambalo mwezi wa tatu hukaa upande wa magharibi jua likishatua. Kikionekana safi, nyota sita, kila moja peke yake, alisema kimenawa uso: huko juu upepo bado ni mkavu, ngoja. Kikionekana kama kimefunikwa na kitu chepesi, alisema kimejifunika leso: upepo umeanza kubeba maji, toa mbegu. Alifunzwa na mama yake kule mkoa wa Central kabla ya kuhamia huku nje ya Eldoret. Huku ilibidi awe makini zaidi, kwa sababu mahindi yetu hupandwa mara moja tu kwa mwaka. Ukikosea, umekosea mwaka mzima.

Mwaka jana macho yake yaliingiwa na mtoto wa jicho. Mwezi wa tatu ulipofika akaniita jikoni akaniambia, "Sasa wewe ndiye utaniangalizia."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Darasani mwalimu akitaja jina langu shingo inashika moto na jibu linapotea, hata kama nilikuwa nalo. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunipa kazi ya kusema kitu halafu wengine wafuate.

Anko, mdogo wake baba, anaishi nasi na anafanya kazi kwa duka la pembejeo mjini. Kila jioni alirudi na simu mkononi.

"Mama, simu inasema mvua bado wiki tatu."

"Hiyo simu yako ililima wapi?"

"Haijalima, lakini pia haivai leso."

Shosho alicheka mpaka akafuta macho. Anko hakucheka. Akaweka simu mfukoni, akasema, "Mwaka juzi mbegu za kwanza zilikauka, tukanunua zingine tukapanda upya. Huu ndio mwaka wa mwisho wa nyota, Mama. Mahindi yakiharibika, shamba nawapatia watu wa ngano, na kusiwe na kesi."

"Hakuna kesi," Shosho akajibu. Alijibu haraka sana. Hilo shamba ndilo kitu pekee hapa nyumbani ambacho watu bado wanamuuliza yeye kwanza.

Jioni hiyo tulisimama nyuma ya ghala, mkono wake begani mwangu.

"Unakiona?"

Niliangalia pale aliponielekeza. Niliona kitu cheupecheupe, kama unga uliopanguswa vibaya mezani.

"Nakiona."

"Nyota ngapi?"

"Hazihesabiki, Shosho. Kimejifunika leso."

"Usiseme tu kunifurahisha."

"Sikufurahishi. Ndivyo kilivyo."

Sikudanganya. Ningekuwa nimedanganya ingekuwa rahisi kuandika hapa. Tulirudi jioni ya pili, nikaona vilevile. Ya tatu, vilevile. Akanishika mkono akasema nina jicho la mama yake. Alhamisi tukapanda.

Mvua ilikuja alasiri moja, ndogo, ya kuyadanganya mahindi. Yakaota. Halafu upepo ukageuka, ukawa unatoka upande wa Keiyo kila asubuhi, mkavu, umejaa vumbi. Majani yakajikunja kama karatasi iliyowekwa karibu na moto. Kila siku kabla ya chai Shosho aliingia kwenye mistari akainama na kuyapapasa kwa vidole. Wiki ya tatu alirudi bila kupapasa. Akaketi kwenye kiti cha jikoni, kanga ya kichwani imeshuka, akasema, "Nyota zimenihama."

Tangu siku hiyo hakutoka nje jioni. Aliacha hata kubishana na redio. Anko akiongea alisema "sawa" kwa kila kitu, na hiyo "sawa" ilinitisha kuliko kelele.

Shuleni, rafiki ninayeketi naye, ambaye mimi hunakili ubao kutoka kwa daftari lake, alipata miwani mpya. Wakati wa mapumziko alinivisha kwa nguvu.

"Hebu vaa tuone. Utakaa kama daktari wa ng'ombe!"

Wasichana wakacheka. Nikainua kichwa nicheke pia, nikaona mkaratusi ulio kando ya uwanja. Ulikuwa na majani. Namaanisha jani, na jani lingine, na nafasi katikati yao. Maisha yangu yote mti umekuwa rangi ya kijani juu ya kijiti.

"Manze, mbona unalia? Si ni miwani tu."

Nikamrudishia. Nilidhani nyota ndivyo zilivyo, madoa yenye manyoya, na kwamba watu wanazihesabu kwa njia ambayo ningefunzwa baadaye. Kumbe leso ilikuwa machoni mwangu.

Nilikaa na hilo neno siku nne. Nilifikiri kunyamaza, kwa sababu kunyamaza najua. Lakini Ijumaa Anko alisema trekta itakuja kesho kupindua shamba lote kwa ajili ya ngano. Shosho akasema "sawa."

Nikaingia jikoni. Alikuwa anachagua maharagwe kwa vidole. Nikamwambia yote, nikitazama sakafu.

Vidole vikasimama. "Tangu lini huoni?"

"Sijui. Darasa la sita, au kabla."

"Na hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Akasukuma maharagwe kando. Kisha akasema, polepole, "Kwa hivyo hazikunihama." Uso wake ulifunguka kidogo. Nilifurahi kwa ajili yake, na wakati huohuo nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu kama si nyota, basi ni mimi.

Alimwita Anko nilipokuwa hapohapo. Akamweleza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tupande. Anko alinitazama, akavuta pumzi.

"Jumatatu nakupeleka hospitali Plateau ukapimwe," akaniambia, na sauti yake ilikuwa nzuri. Kisha akamgeukia Shosho. "Lakini Mama, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mmoja haoni, mwingine haoni, na mnatuambia siku ya kupanda."

"Mwaka ujao atakuwa na miwani."

"Mwaka ujao ni ngano. Tulisema hakuna kesi."

Trekta ilikuja Jumamosi kabla ya saa nne. Shosho alimpelekea dereva chai mwenyewe, akishika ua wa shamba kwa mkono mmoja ili asijikwae. Nilimfuata na mkate.

"Kijana, niachie mistari miwili hapa kando," akamwambia. "Ya maharagwe tu."

Dereva alimtazama Anko. Anko alikuwa anaangalia simu. Hakuinua kichwa, alikitikisa tu kukataa, mara moja.

"Pole, Mama," dereva akasema. Akamaliza chai, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akapanda, akalima mpaka kwenye ua.