Mbuzi Tuliyemla na Jalada Lililobaki

Niliiba bomba la kunyunyizia dawa. Naanza na hilo ili msomaji asipoteze muda kunitafutia sababu. Sikuliazima, wala hakuna aliyenituma. Niliingia kwenye stoo ya kijiji mchana, wenzangu wakiwa kwenye shamba la viazi la ujamaa, nikalibeba mgongoni nikaondoka.

Nilikuwa na miaka kama ishirini na shule yangu ilikuwa imeishia darasa la nne. Hata hivyo nilikuwa nimepata nafasi ambayo vijana wote wa upande wetu wa Lukozi waliitamani. Idara moja ya serikali kule Tanga ilikuwa imeniandika nikajifunze udereva wa malori. Barua ilisema niende baada ya mavuno, na kwamba polisi watathibitisha kama sina kosa la jinai. Mstari huo niliusoma nikaupita. Kosa lenyewe lilikuwa bado.

Mimi ni mtu wa majivuno, sikatai. Sikutaka kufika Tanga peku. Nilisikia kule bondeni Mnazi kuna mkulima wa pamba anatafuta bomba, nikajiona nimeshavaa viatu. Bomba letu lilipakwa rangi nyekundu ili lijulikane ni mali ya kijiji, kwa hiyo nikalifunika blanketi. Hapo ndipo ushamba wangu wa milimani uliponiumbua. Kwetu mtu akijifunika blanketi mchana hakuna wa kumtazama mara mbili. Mnazi jua linachoma mpaka mbuzi wanahema, nami natembea nimejitanda blanketi zito.

Yule mkulima aliniangalia nikikaribia. "We mtu wa milimani," akasema, "unaumwa homa au umebeba maiti?"

Akalivuta blanketi, akaiona rangi nyekundu, akaondoa mkono kama aliyeshika moto. "Rudisha ulikotoa. Mali ya kijiji mimi silali nayo nyumba moja."

Nikapanda mlima nalo siku ya pili yake, magoti yakiniuma. Lakini bwana shamba alikuwa ameshakwenda polisi kuandikisha kwamba bomba limepotea.

Kwetu jambo kama hilo lilikuwa na njia yake. Mkosaji anasimama mbele ya wazee na kusema kwa mdomo wake alichofanya, bila kuzunguka. Baba yake anatoa mbuzi. Aliyekosa na waliokosewa wanakula pamoja, na tangu hapo jambo halitajwi tena, hata kwa utani. Mkosaji akija kukana baadaye ni kama amemtapika yule mbuzi, na kosa linarudi bichi juu ya nyumba nzima. Tate, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kishambaa, alitoa beberu wake aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya Idi. Nilisimama, nikasema niliiba, tukala. Mwenyekiti wa kijiji alinipa kipande cha ini kwa mkono wake mwenyewe. Usiku huo nililala vizuri.

Wiki ile ile askari akaja kunichukua. Tate akamweleza kwamba yamekwisha, bomba liko stoo na mbuzi ameliwa.

"Mzee wangu," askari akajibu, "jalada la serikali halili nyama."

Tukaenda mahakama ya mwanzo kwa miguu, mimi, tate, mwenyekiti na askari. Njiani tate alinishika mkono akanirudisha nyuma kidogo. "Ukiulizwa, sema kama ulivyosema kwa wazee. Usipunguze neno. Ukikana, umetuua sote."

Hakimu alikuwa mtu wa pwani, mpole wa sauti. Nadhani alitaka kunisaidia, nimelifikiria sana jambo hilo. Alinisomea shtaka polepole, kisha akaweka kalamu chini.

"Kijana, fikiri kabla hujajibu. Unaweza kusema ni kweli, unaweza kusema si kweli. Bomba ulilirudisha mwenyewe. Ulipolichukua ulikusudia nini?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa pale. Mjanja wa mjini angesema nilikusudia kulitumia na kulirudisha, na mwenyekiti hata asingempinga. Mimi nilimtazama tate. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia yake magotini.

"Ni kweli, mheshimiwa. Niliiba, nilitaka kuliuza. Na tumeshapatana, mbuzi ameliwa."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akaichukua kalamu na kuandika kwa muda mrefu. Mwisho akasema nimepatikana na hatia, ila kwa sababu ni kosa langu la kwanza, na bomba limerudi, na wazee wamesimama nami, ananiachia kwa sharti la kutotenda kosa mwaka mzima.

Kabla ya kutoka askari alinichovya vidole kwenye wino mweusi, kimoja kimoja, vyote kumi, na kuvibandika kwenye karatasi.

"Hii ya nini?" tate akauliza.

"Kumbukumbu, mzee."

Tate akaitikia kwa kichwa. Naamini aliona ni vizuri serikali ikumbuke kwamba mwanawe alisema kweli. Nje mwenyekiti akanipiga bega. "Umeona? Hata serikali imemla yule mbuzi." Tukarudi nyumbani tukicheka njia nzima. Hatukujua, hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwamba mtu anaweza kuachiwa aende kwake na bado akabaki mhalifu kwenye karatasi.

Tanga nilifika na kandambili. Karani alinijazia fomu. "Umewahi kupatikana na hatia mahakamani?"

"Hapana," nikasema.

Kwangu mimi mwenye hatia ni aliyefungwa, na mimi nilikuwa nimeachiwa. Tena lile jambo lilikuwa halitajwi. Nikafundishwa wiki tatu. Mwalimu wetu alikuwa mkali kama pilipili, lakini nilikuwa wa kwanza katika wenzangu kurudisha lori nyuma bila kugusa pipa. Wiki ya nne karani akaniita.

"Wewe ulisema hapana. Vidole vyako vimesema ndiyo."

"Niliachiwa, bwana."

"Uliachiwa, hukufutiwa. Ungesema mapema labda ningekuombea kwa mkubwa. Sasa wewe ni mwizi na mwongo, nikuombee vipi?"

Nilipanda basi mpaka Mombo, nikatembea milima yote kwa miguu kwa sababu sikutaka kufika haraka. Tate alikuwa anapalilia maharage. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akautazama mzigo wangu.

"Umerudi?"

"Nimeshindwa usukani, tate."

Ningemwambia nini? Kwamba maneno aliyoniambia njiani ndiyo yaliyoandikwa na hakimu, na kwamba beberu wake wa Idi hakufuta kitu? Angebeba hilo mpaka kaburini. Na jambo lilikuwa halitajwi. Aliinama akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, ndipo akasema, "Basi kichwa chako ni cha jembe."

Hakulisema kwa siri. Alilisema msikitini, kisimani, kwa wakwe zangu nilipooa. Nilibeba kabichi kichwani mpaka gulio la Mlola, nikawa nanunua za wenzangu, miaka ikapita, na mwishowe nikanunua lori kwa jasho langu. Hakuna aliyenishika mkono. Siku lilipoletwa uani, dereva niliyemwajiri akiwa bado kwenye usukani, tate alikuja na fimbo yake, amezeeka, akaugusa mlango wa lori kwa kiganja. Majirani walikuwa wamejaa.

"Gari ni lake," akawaambia, "lakini kuendesha hawezi. Serikali ilimpeleka Tanga, akashindwa."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Ningeweza kupanda palepale nikalirudisha lile lori nyuma mpaka mlangoni pake bila kugusa hata mgomba mmoja. Lakini angeniuliza, kama nilijua kuendesha, kwa nini walinirudisha. Nikamwambia dereva alizime. Tate alifariki mvua za vuli zilizofuata, akijua kwamba mwanawe ni mtu mkweli mwenye kichwa kigumu.