Barua ya Mchumba wa Dada Niliyoisoma Vingine

Nina miaka kumi na minane. Nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na sasa nangoja matokeo nyumbani kwetu Wabera, hapa Isiolo. Naomba jina langu lifichwe. Kwetu hakuna mwingine anayejua kusoma, lakini majirani wanaosoma gazeti wapo.

Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni hata nikijua jibu sikuinua mkono. Lakini barua yoyote ya Kiingereza ikifika mtaani huletwa kwangu, na mama hujisifu, "Huyu wangu anakunywa Kiingereza kama maziwa."

Dada yangu, nimwite Talaso, alichumbiwa na karani mmoja wa Nairobi. Wazee walishatafuna buna, ile kahawa nzima inayokaangwa kwa samli, na kwetu Waborana hiyo ni ahadi. Mama na dada wakaanza kusuka vyombo vya maziwa vya kuingia navyo nyumba mpya.

Siku barua yake ilipofika, majirani watatu walikuwa uani wakisaidia kusuka. Iliandikwa kwa Kiingereza. Mwanamume huyo ni Mborana kama sisi na Kiswahili anakijua vizuri. Nafikiri alichagua Kiingereza ili aibu imshike msomaji, si yeye. Baada ya salamu ndefu za heshima aliandika kwamba harusi ni "called off".

Maneno hayo nayajua. Kidato cha tatu mwalimu aliyaandika ubaoni pamoja na "put off", akatueleza kwa mfano wa mpira. "Mechi ikiwa put off, iko hai, inangoja siku nyingine. Ikiwa called off, imekufa. Hata mkikaa uwanjani mpaka kesho mtaona vumbi tu." Darasa lilicheka. Kwenye mtihani niliyapata yote mawili.

"Soma basi, ama Kiingereza kimekukwama kooni?" jirani mmoja alinitania.

Talaso alikuwa ameacha kusuka, ananitazama mdomo. Nikasema, "Anasema harusi imeahirishwa. Atakuja akipata likizo."

Nilikusudia kumwambia mama ukweli majirani wakiondoka. Walipoondoka, mama alikaa chini akashika kifua. "Alhamdulillahi. Mimi nilifikiri amemwacha mtoto wangu." Nikaikunja barua, nikaenda kuificha.

Tangu siku hiyo mama ameniandikisha barua tatu za kumuuliza tarehe. Nimeziandika zote, na zote ziko chini ya vitabu ndani ya sanduku langu la shule. Akiuliza kwa nini hajibu, nasema posta inachelewa.

Mwezi uliopita mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Ngaremara alituma wazee kumwomba Talaso. Ni mtu mpole, hata mama anamsifu. Lakini mama aliwarudisha wazee hao kwa heshima, akasema, "Msichana huyu tayari ni wa watu."

Kesho yake tukiwa kwenye foleni ya maji dada aliniambia, "Mdogo wangu, yule wa Ngaremara nilimpenda. Lakini mchumba wangu ananifanyia kazi huko Nairobi. Nimwache hivi hivi, kweli?"

 Akaniomba nimsomee tena ile barua, pale anaposema atakuja. Tulipofika nyumbani niliitoa, nikamsomea maneno ambayo hayamo. Sasa ameyashika kwa moyo. Nikimsikia akiyarudia peke yake huku akisuka, natoka nje.

Wale wazee wamesema watarudi mara moja tu, baada ya Ramadhani. Wakikataliwa tena, mwenzao ataoa kwingine. Zimebaki siku tisa. Nikisema, mama ataaibika mbele ya majirani wale wale, na dada atajua nilimtazama miezi hii yote akisuka kwa ajili ya mtu aliyekwisha kumwacha. Nikinyamaza, atakataa mume anayempenda kwa sababu yangu.

Kila asubuhi nafungua mdomo, na mama ananitangulia, "Msomi wangu, leo hakuna barua?"

Ninyi wasomaji wa gazeti hili hamnijui, kwa hiyo kwenu naweza kusema. Nishaurini nianze na mama au na dada, na nianze kwa maneno gani. Jibu lenu likichapishwa, mama ataniita nimsomee gazeti kama kawaida. Siku hiyo nitamsomea nini?