Bwana Giza na Doa la Mviringo

Mtaani walimwita Bwana Giza, na wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe. Taa ya ndani ya friji aliing'oa. Kijitaa chekundu cha chaja alikibandika plasta. Mkewe alijigonga miguu mezani mpaka akazoea, akawa anawaambia watu kwamba ameolewa na popo.

Kazini, hata hivyo, wazimu huo ndio uliomlisha. Alitunza kihisi cha darubini itakayopelekwa angani. Mwanga wa nyota hupita kwenye upenyo mwembamba, ukapiga kioo kilichochanjwa mistari midogo sana, ukatawanyika rangi kwa rangi. Kila gesi iliyoko njiani hula rangi zake na kuacha mapengo, na kwa mapengo hayo wataalamu husoma nyota ina nini ndani yake. Kinachoyaona ni kihisi, kibamba kisichozidi kiganja, chenye vijicho tele vinavyohesabu mwanga chembe kwa chembe. Basi vijicho hivyo vikipata joto huona mwanga usiokuwepo. Ndiyo maana kihisi hukaa ndani ya pipa la chuma lenye baridi kali, na kabla ya safari lazima kithibitishe kwamba gizani kinaona giza.

Cha Bwana Giza kilikuwa kimeshafeli mara mbili. Kila mara, katikati ya jaribio, lilitokea doa jeupe la mviringo. Kama kingefeli tena, kingebaki duniani na kihisi cha akiba ndicho kingepaa. Na hicho cha akiba kilitunzwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mwenye ulimi usiolala.

"Usihuzunike, shemeji," alimwambia asubuhi ya jaribio la tatu. "Chako tutazuilia mlango."

"Funga mdomo, unatoa joto."

Bwana Giza hakuwa anatania. Alikwisha kufukuza birika la chai na fundi umeme mwenye homa.

Jaribio likaanza, skrini ikawa nyeusi tii. Lakini Bwana Giza hakuiamini. Akanyata hadi kwenye pipa, akasogeza kidogo kifuniko cha kidirisha, akainamisha kipara chake achungulie kama kuna mwanga umeingia.

"Limerudi!" akapiga kelele mkuu wa maabara, mama asiyependa kurudia kazi.

Bwana Giza akafunika, doa likafifia. Akachungulia tena kumtafuta mchawi. Doa likarudi, safari hii na masikio.

Shemeji akatazama skrini, akatazama kipara, akarudi kwenye skrini. Angenyamaza tu, cha kwake kingepaa. Alijaribu kunyamaza, jamani, alijaribu kweli. Kicheko kikampasuka.

"Mama, hicho ni kichwa! Kihisi kinaona joto lake. Kila akichungulia anapigwa picha!"

Bwana Giza alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nilikuwa nahakikisha tu kwamba kuna giza."

"Kwa kufungua?" mkuu akauliza.

Wakarudia jaribio, yeye akiwa benchini nje, amekalia mikono yake ili isimponze. Mlango ulipofunguliwa, shemeji hakuwa anacheka tena.

"Giza tupu. Chako kinapaa."

Bwana Giza akalia waziwazi, kwa furaha, na wala hakuona aibu.

"Ila huko juu hutaweza kukichungulia, shemeji."

Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Hata mara moja?"