Hakusema Aliendesha

Mtaani mume wangu wanamwita Mlingoti. Ni fundi rangi, na dari nyingi hupaka bila kupanda ngazi. Akiingia kwenye gari huanza kwa kusukuma kiti nyuma mpaka aliyekaa nyuma anung'unike. Ni mpole kupita kiasi, na upole huo ndio umenitia wazimu.

Jioni ile alitoka kwa mama yake, mama mkwe wangu, akiwa na mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile. Mume wangu alikuwa amelewa chakari. Mama akampokonya ufunguo, akampa mdogo. "Wewe una afadhali, endesha." Afadhali gani! Naye alikuwa amelewa, ila hodari wa kujikaza. Gari liligonga nguzo, mdogo akafa palepale.

Mume wangu akamwambia mama kwamba njiani aliung'ang'ania usukani mpaka mdogo akamwachia, akaendesha yeye. Ukweli aliniambia mimi, mara ya kwanza nilipomtembelea gerezani, kisha akaniapisha nifunge mdomo.

"Mama akijua ni yule aliyeendesha, atakufa kwa kujilaumu," akasema. "Acha anichukie mimi."

Tangu mazishi mama hakuwa amemtazama usoni, wala salamu zake hakuzijibu.

Nikatafuta wakili, mwanamama asiyependa maneno mengi. Alisoma mwenendo wa kesi, akagonga meza. Aliposomewa shtaka la kuendesha gari akiwa amelewa, mume wangu alijibu: "Ni kweli nilikunywa. Gari ni langu. Mdogo wangu amekufa." Basi. Hakimu akaandika kwamba amekiri kosa, akamfunga miaka miwili.

"Hakusema aliendesha," wakili akaniambia. "Huko siyo kukiri. Rufaa hii tunashinda."

Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Mwenyewe hakufurahi. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Mdogo wake alikuwa na mazoea ya kupiga mluzi akiwa anaendesha, na sasa huyu akifumba macho tu anausikia, mpaka pale ulipokatika. Alinisimulia hayo mara moja tu, lakini nami nikaanza kushtuka mtu akipiga mluzi barabarani.

Siku ya rufaa mama mkwe alikuja, akakaa benchi la nyuma peke yake. Wakili akaeleza hoja yake, jaji akawa anaandika na kutikisa kichwa kukubali. Nilishaanza kupanga chakula cha kumpokelea mtu wangu. Jaji akamwuliza kama ana la kuongeza.

Mlingoti akasimama. Akageuka, akamwona mama yake.

"Naiondoa rufaa, mheshimiwa. Niliendesha mimi."

Nilitamani kumrushia kiatu. Wakili alifunga faili lake bila kumwangalia mtu.

Kwenye korido, askari wakimpitisha na pingu, mama akamshika mkono.

"Gari nililiona pale kituo cha polisi," akasema. "Kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele kabisa. Magoti yako yangeingia wapi, mwanangu?"



"Mama, ulijua?" nikapiga kelele, watu wakageuka. "Muda wote huu! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ufunguo nilitoa mimi." Hakuuachia ule mkono. "Nimekuja leo nikiomba yeye aseme ukweli."