Hotuba ya Taifa Kubwa

Dada yangu alikuwa hajaandika tangu vita vianze, siku profesa alipotugawia nchi kwa vikaratasi. Ndivyo alivyofundisha siasa za kimataifa pale chuoni Minneapolis: darasa linageuka baraza la mataifa, kila mmoja anatetea nchi aliyookota, mwisho tunapiga kura. Safari hii hoja ilikuwa kupeleka askari katika nchi ya ng'ambo ya ziwa la kwetu, alikoolewa dada yangu, ambako watu walikuwa wanachinjana. Mimi nikaokota taifa kubwa, lile lisilotaka kupeleka mtu.

Nilimfuata ofisini nikaomba nibadilishiwe. Akauliza kwa nini. Jamani, mimi na adabu zangu za kipumbavu! Kwetu humpelekei mwalimu msiba wako. Nikasema aa, hamna shida, nilikuwa nauliza tu. Naye akaamini, maana kwao mtu akisema hamna shida, basi hamna. Zoezi lenyewe lilibeba nusu ya maksi za muhula, na nikianguka ufadhili unakatwa, narudi Kigoma mikono mitupu.

Basi nikajikaza kisabuni. Siku tatu, ndani ya basi la Columbia Heights, kwenda na kurudi, niliwasoma wale wasomi wa nadharia ya uhalisia, wanaosema dola haina huruma, ina maslahi tu. Niliwachukia, wallahi, lakini nilijua kuwasemea.

Siku ilipofika nikasimama. Nikasema nchi ile haina mafuta, haina bandari, haimtishi yeyote. Kwamba mama wa askari wetu atatuuliza mwanawe amekufa kwa faida ya nani. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Kura zikapigwa, hoja ya kupeleka askari ikaanguka. Profesa akaomba nakala ya hotuba yangu, awafundishie wanafunzi wa mwaka unaofuata. Nikampa.

Mlangoni akanishika mkono binti mmoja wa mji wa Anoka niliyekuwa nakaa naye meza moja.

"Nilikuja nimeshaamua kupiga kura ya ndiyo," akasema. "Wewe ndiye uliyenibadilisha."

Nilitaka kumwambia nina dada kule. Nikamwambia ahsante.

Nilipata maksi zote. Dada hajaandika mpaka leo.