Kitovu Ndani ya Kopo la Barafu

Nilitoka Kigoma kwa treni nikiwa na cheti cha kidato cha nne na shati moja la mtumba. Tabora mkaguzi alinikuta sina tiketi, akanichapa mkanda mbele ya abiria mpaka bizimu ikanipasua nyusi. Kuanzia hapo nilisafiri juu ya malori ya chumvi, ya mbao, ya mahindi, nikilala popote dereva alipolala. Siku niliyoteremka Same, stendi walikuwa wanampiga mawe kijana aliyeiba redio, na waliokuwa wanakunywa chai hawakuinuka. Nikaagiza chai nami. Ndivyo tulivyokuwa miaka ile. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena sabuni na vitenge, sisi tuliokuwa tukivitazama hatukuwa na kitu, na kila mtu alitembea na hasira kifuani.

Nilikata mkonge kwa muda. Shamba lilipopata mwenyewe mpya, walinzi walitutoa kambini kwa virungu. Nikasogea Maore, kwenye tambarare chini ya milima ya Gonja, nikapata kazi kwenye utafiti wa malaria. Yalikuwa mahema mawili nyuma ya zahanati, moja la maabara na moja la wagonjwa. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo na kubeba kopo la barafu.

Daktari mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno, lakini nilipomuuliza anatafuta nini alinieleza.

"Umeshapita kwenye majani ya kishona nguo?"

"Kila siku, mama."

"Basi kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe ya damu, kinaiotesha miiba ya namna ile. Ndani ya mishipa yetu kuna protini zinazoikamata, kama suruali yako inavyokamata kishona nguo. Chembe zikinasa nyingi ubongoni, njia inaziba, mtoto anapata degedege, anakufa. Kwinini inaua kimelea. Haibandui kilichokwisha kunasa."

Alikuwa anatafuta dawa ya kuzifunika zile protini, ili chembe zipite bila kupata pa kushika. Kujaribu dawa kulihitaji ukuta wa mshipa wa binadamu, na ukuta huo ulipatikana kwenye kitovu, ule ukamba unaokatwa mtoto akizaliwa. Mkunga wa zahanati aliuomba kwa mama, mimi nikaubeba kwenye barafu. Fundi wa maabara alizitoa seli za ndani ya mshipa wake, akaziotesha kwenye chupa bapa, kisha akapitisha juu yake damu ya wagonjwa. Alikuwa mtu wa Dodoma, mwenye utani na kila kiumbe.

"Njoo uchungulie, Kigoma," aliniita kwenye hadubini. "Zimeng'ang'ania kama wapangaji wasiotaka kuhama."

Wanawake wa kambi za mkonge walitoa vitovu bila neno. Walitoka mbali, hawakuwa na ardhi pale ya kuvizika. Wapare wa milimani walikuwa tofauti. Kwao kitovu huzikwa shambani kwa baba, chini ya mgomba, na mtoto ambaye chake hakijulikani kilipo huonekana ameachwa hewani yeye na nduguze. Mkunga alikuwa mgeni kama sisi, akiwatofautisha kwa macho tu. Mama mmoja alikuja na uchungu akiwa peke yake, matope mpaka magotini, kanga imechanika. Mkunga akaona ni wa mkonge. Kumbe alitoka Myamba kule juu, wameshuka na mumewe kujaribu mpunga, na mume alikuwa amepanda mlimani kufuata chakula. Alipoulizwa, "Tukichukue?" aliitikia kwa kichwa, hoi.

Haikupita wiki, binti yao mkubwa, mwenye miaka kama mitatu, akashikwa na degedege. Mama alimleta mbio, kichanga mgongoni. Daktari akamtundikia dripu ya kwinini. Mume naye akarudi, amefuatana na mama yake, na swali la kwanza la bibi lilikuwa kitovu kiko wapi.

Habari zikatufikia. Fundi akacheka. "Mpare hagombani, anashitaki. Atatupeleka mahakamani Same, tukale mandazi ya mjini."

Yule baba alikuja mchana na panga. Nyuma yake walikuwa wanaume niliokata nao mkonge, wakipiga kelele kwamba sisi ni mumiani.

"Mama daktari, shikamoo," alisema yule baba.

"Marahaba."

"Nipe kitovu cha mwanangu."

Daktari aliingia maabara, akatoka na chupa bapa yenye maji mekundu. "Kilishakatwa. Kilichobaki ni hiki. Kiko hai, kinaota."

"Mmesikia?" mtu akapayuka. "Wanafuga!"

Fundi akainua mikono. "Jamani, mimi damu yangu hata kunguni waliikataa..."

Jiwe lilimpiga mdomoni. La pili lilimwangusha, kisha wakamjia kwa miguu na magongo. Nilichukua kigoda nikampiga mmoja shingoni, mwingine akanikata begani. Nilisikia sauti ya mbavu za fundi, kama kuni kavu.

Kamba za hema la wagonjwa zilikatwa. Nguzo ilianguka na dripu yake. Mama wa binti aliidaka chupa ya dripu, akasimama ameinyanyua juu kwa mkono mmoja, huku bibi akivuta mpira wa sindano.

"Mtoto wa degedege hachomwi sindano! Mnamuua!"

"Mama mkwe, niache!" Bibi hakuacha. Yule mama akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka.

Daktari alimsukumia yule baba ile chupa bapa. "Chukua, ukazike. Binti niachie mpaka dripu iishe. Ukimtoa sasa, utazika na yeye."

Aliitazama chupa, akamtazama mtoto aliyekuwa akitoa povu. Akaitia chupa ndani ya shati, akageuka, panga limeelekea kwa wale aliokuja nao.

"Anayegusa hapa namkata. Mama, toka."

Bibi akatoka. Wale wengine wakaichoma maabara.

Fundi alikata roho garini kabla hatujafika Same. Yule baba alipanda Myamba akazika chupa chini ya mgomba, akateremka mwenyewe, polisi wakamkuta amekaa mlangoni pa zahanati. Binti alizinduka kesho yake akaomba maji. Daktari alimpima miguu, kisha mikono. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea.

"Chembe zilishanasa," alisema. Seli zilizobaki, dawa zote alizokuwa akizijaribu, vilikuwa majivu. Dawa ile sijasikia mpaka leo kwamba imepatikana.

Polisi walinitaka niwataje waliomuua fundi. Niliwataja. Sokoni mmoja wa ndugu zao alinitazama, akapitisha kidole shingoni mwake kama kisu.

Siku niliyoondoka, lori la tangawizi lilisimama mbele ya zahanati. Binti alikuwa ameketi kwenye ngazi, anajaribu kushika kikombe kwa ule mkono wa kushoto. Kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena, akakipiga teke na kulia kwa hasira. Mama yake akakifuata, akamrudishia mkononi mle mle. Dereva akapiga honi. Nikapanda juu ya magunia.