Gundi ya Muhogo

Harufu ya uji wa muhogo uliochacha hunirudisha nyumbani kwetu, nje kidogo ya Bariadi, nina miaka kumi, nimechuchumaa jikoni nakoroga unga kwenye kopo ili nipate gundi. Ndiyo miaka ile maduka yalipoanza kujaa baada ya uhaba wa muda mrefu. Kila bidhaa ilikuja imevaa karatasi yake ya rangi: sabuni, biskuti, pipi, hata betri za redio. Sisi tuliozoea kufungiwa sukari kwenye gazeti, jamani, tuliyaokota makaratasi yale hata jalalani.

Aliyenifundisha kuyabandika ni Milembe, binti wa mwalimu jirani yetu. Alikuwa na daftari kubwa, na chini ya kila karatasi ameandika alikoipata. "Anza na zile usizozijali," aliniambia. "Mkono ukizoea ndipo ubandike unazozipenda. Na gundi iwe nyepesi." Nilimsikia kwa sikio moja. Mimi nilikuwa na haraka kwa sababu ya mdogo wangu Kabula. Mama alifariki Kabula akiwa bado ananyonya, na picha ya mama ilikuwa moja tu, baba ameifungia kwenye sanduku la bati. Mtoto akiuliza, "Mama alikuwaje?" baba huinuka akaenda zizini. Nikaapa kwamba Kabula atakuwa na daftari lake, na mama atakaa ukurasa wa kwanza.

Kurasa za nyuma nilijifunzia kwa makaratasi ya pipi, siku mbili tu. Siku ya tatu baba akaenda mnadani, ufunguo akausahau. Niliitoa picha, nikaipaka gundi mgongoni, nzito, ya kushiba, maana sikutaka mama abanduke. Nikamzungushia karatasi nyekundu za sabuni. Lo, alipendeza! Kabula aliikodolea macho, akasema, "Ana shingo ndefu." Gundi haijakauka tukasikia baiskeli ya baba uani. Nikakimbilia chumba cha pamba, nikalifukia daftari humo.

Kwetu kila mkulima ana chumba cha pamba, ambamo mavuno hurundikwa hadi karibu na paa yakingoja mnunuzi. Zamani pamba ilichukuliwa na ushirika, mambo yakaisha. Mwaka ule walizuka wanunuzi binafsi, kila mtu na bei yake, na baba akasema tusubiri atakayepandisha. Tukasubiri. Kwa kuogopa wezi alihamishia kitanda chake mlangoni pa chumba kile, nami sikupata tena nafasi ya kuingia. Pamba ikakaa ndani kuliko kawaida, panya wakahamia na watoto wao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yetu ilikuwa bado haijafumwa. Niliwasikia wakitafuna, nikajidanganya kuwa wanakula mbegu.

Lori lilipokuja hatimaye, baba mwenyewe aliingia kujaza magunia, na daftari likamwangukia miguuni. Panya walikuwa wameifuata gundi. Karatasi za pipi, nilizozipaka kidogo, zilikuwa zimetoboka pembeni tu. Mahali pa mama niliposhibisha mimi, nao walishiba. Lilibaki bega moja na mkono. Baba alilishika daftari muda mrefu, watu wa lori wakimwita. Nilingoja fimbo. Alisema polepole, "Mayu, sasa ndiyo nimemzika." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyotuita sisi mabinti zake. Akanipa daftari, akarudi kwenye magunia. Heri angenipiga.

Siku hizi Kabula ana simu iliyojaa picha za wanawe, hata wakipiga chafya amewapiga. Ya mama hana. Mchuma janga hula na wa kwao, na nduguye ndiye aliyekula sehemu kubwa. Kila tukikutana huniuliza, mtu mzima na wanawe watatu, "Hivi dada, mama alifanana na nani?" Namjibu haraka, "Na wewe. Shingo hiyo hiyo." Hufurahi, akaishika shingo yake. Sijathubutu kumwambia kwamba uso wa mama umenitoka kitambo, na kwamba hiyo shingo ndefu ninaijua kwa kuwa aliitaja yeye mwenyewe siku ile.